Masanja, Usiende Kukishinda Kipimo

Masanja, ng'wanawane, mwanangu,

Barua huanza kwa kusema hali yangu ni njema, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nimewafundisha watoto wa watu kuandika hivyo mpaka chaki ikanikausha vidole. Leo siwezi. Hali yangu si njema, na wewe hauko mbali bado, umelala chumba cha pili, mlango umeuegesha kama ulivyozoea. Nakusikia unavyokoroma. Ningeweza kukuamsha tukaongea, lakini nakujua na najijua. Utaniita mwalimu mkuu, nitacheka, tutachemsha chai, na lile la maana litabaki pale pale lilipokaa siku zote.

Sitakuandikia habari za kufua soksi, wala kula kwa wakati, wala wasichana wa Geita. Hayo utayakosea mwenyewe na utayarekebisha mwenyewe. Nataka tuzungumze juu ya kipimo chako cha keshokutwa, maana hicho ukikikosea sijui kama utapata nafasi ya kurekebisha.

Jioni ulipokwenda kuwaaga wenzako uwanjani, nilifungua begi lako nikuwekee karanga. Usikasirike, mama anayekagua begi la mwanawe si mwizi. Ndani ya raba zako mpya kulikuwa na soksi, na ndani ya soksi nikakuta vidonge vya baba yako. Nilivijua kabla sijavisoma, maana karatasi yake ile ya fedha niliipasua kila asubuhi kwa muda mrefu kuliko nilivyopasua kuni. Ni vile vya kuutuliza moyo. Vilibaki kwenye kopo juu ya kabati tangu alipofariki, na sijui kwa nini sikuvitupa. Labda niliona kutupa dawa yake ni kama kumtupa yeye.

Nilikaa kitandani kwako. Sikujiuliza vya nini, nilijua palepale. Mgodi umekukubali, isipokuwa daktari wao aliyekupima kwa waya ukiwa umelala hakuipenda mistari aliyoiona. Amesema uende Mwanza, upandishwe kwenye ule mkanda wa mashine unaozunguka chini ya miguu, ukimbie huku wanautazama moyo wako. Ukipita, unapitiliza moja kwa moja Geita. Usipopita, unapanda basi la kurudi Bariadi na begi lako na karanga zako. Wewe umeamua kupita. Kila alfajiri umekuwa ukikimbia barabara ya Lamadi ili mwili uzoee, na asubuhi ya kipimo utameza kidonge cha marehemu ili moyo utulie. Umejifunza wapi kukishinda kipimo? Kwangu. Hakuna mwalimu mwingine aliyekufundisha.

Sasa nikueleze kilichotokea siku ya baba yako. Unaijua nusu ya habari ile, ile nusu tuliyoisherehekea.

Wakati ule tulikuwa bado tunaishi Nkoma, mimi nafundisha, yeye analima pamba. Wewe ulikuwa bwenini. Alianza kuninong'oneza kwamba akishika jembe kifua kinabana, akikaa kinaachia. Kwa mtu aliyezoea kuongoza kikundi cha kulima kwa ngoma, anayekwenda mstari mmoja na vijana na kuwaacha nyuma, hilo lilikuwa neno zito. Zahanati wakampa vidonge hivi vya presha, wakatuandikia twende Mwanza kwenye kipimo cha mkanda. Tulipewa maelekezo kwa mdomo na kwa karatasi, na niliyasoma mimi mwenyewe, mwalimu wa Kiswahili. Asubuhi ya kipimo asile chakula kizito. Asinywe chai wala kahawa. Asipake mafuta kifuani. Avae viatu vyepesi. Na kile kidonge, siku hiyo, asikinywe. Daktari ndiye aliyesema kiachwe, na alieleza sababu: kidonge kinauzuia moyo usipande, na wao wanataka upande, maana maradhi mengine hujificha moyo ukiwa umetulia na kujitokeza ukiwa unafanya kazi.

Nilielewa, Masanja. Sitaki uje kusema siku moja kwamba mama hakuelewa.

Lakini baba yako mdogo Mabula alifika jioni kutuaga, na unamjua Mabula na biashara yake ya ng'ombe. Alisikiliza maelekezo yote, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, mna wazimu? Ng'ombe hapelekwi mnadani na njaa! Unamnywesha maji, unampa chumvi, unampangusa ngozi ing'ae, ndiyo unamwingiza uwanjani. Ninyi mnataka kumpeleka kaka yangu kwa madaktari amechoka, hana chai, hana dawa? Watamkuta na ugonjwa hata usiokuwa wake."

Baba yako akasema, "Wamesema nisinywe, Mabula."

"Wamesema! Na wewe ukiwa unauza dume, mnunuzi akikwambia usimnyweshe, unamsikiliza?"

Tulicheka wote watatu. Lakini yale maneno yaliniingia, kwa sababu tayari yalikuwa ndani yangu. Huku kwetu hakuna anayekwenda kupimwa ili ajulikane alivyo. Ng'ombe anakwenda mnadani apate bei, pamba inakwenda kwenye mizani ipate daraja, mtoto anakwenda kwenye mtihani afaulu. Mimi mwenyewe nimeishi kwa kufaulisha. Kulikuwa na binti mmoja, Holo, ambaye hakujua kusoma. Nilimkaririsha majibu mpaka akayaimba, akafaulu darasa la saba, shule ikapigiwa makofi. Baadaye alinijia na mtoto mgongoni, ananiomba nimsomee maandishi ya kwenye kadi ya kliniki. Nilimsomea, nikafunga mlango, nikalia. Halafu mwaka uliofuata nikawakaririsha wengine. Kujua kosa ni jambo moja, kuliacha ni jingine.

Basi tulilala kwa dada yangu kule Igoma, Mwanza. Asubuhi nikampikia baba yako uji mzito wa maziwa na karanga. Nikamkaangia na mayai. Nikampa chai ya rangi iliyokolea, maana alisema macho yana usingizi. Nikampaka mafuta kifua kizima, asije akavuliwa shati mbele za watu akaonekana mkavu kama mtu asiye na mke. Akavaa viatu vyake vya ngozi vya kuendea kanisani. Kisha nikashika kidonge mkononi, nikakiangalia.

Nikwambie ukweli, kwenye kidonge mnada ulikuwa umenitoka kichwani. Pale niliogopa. Niliwaza, mtu mgonjwa wa moyo, siku anayokwenda kukimbizwa, ndiyo siku ya kumnyima dawa? Atanifia juu ya mashine. Nilimpa kwa upendo, na yeye alikinywa kwa kunitii. Nimeligeuza jambo hili kila upande kutafuta ubaya ndani yangu ili angalau nijichukie vizuri, na nakuta upendo tu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Hospitalini nesi akauliza, "Mzee, umekunywa dawa leo?"

Baba yako akanitazama. Tukisema ndiyo, watatuambia tuje siku nyingine. Nikatikisa kichwa kidogo. Akasema, "Hapana, binti yangu."

"Chai?"

"Hapana."

Nesi alimfuta yale mafuta kwa pamba na spiriti, akafuta tena, vile vibandiko vya waya vikawa vinateleza. Akasema kwa upole, "Nani kakupaka hivi, mzee?" Mimi nikaangalia sakafu. Wakamtafutia raba za kuazima. Mlango waliuacha wazi kidogo, na kutoka kwenye benchi nilimwona akipanda ule mkanda, ameshika vyuma vya pembeni kama alivyozoea kushika plau. Nesi akamwambia, "Achia, mzee. Ukining'inia hivyo inatembea mikono, moyo hautembei. Gusa tu kwa vidole." Akaachia. Nesi alipogeukia mashine, akashika tena.

Mkanda ukaongezwa kasi, ukainuliwa kama kilima. Kila baada ya muda nesi anauliza, "Unajisikiaje, mzee? Kifua kinabana?"

"Mhola."

"Kweli?"

"Mhola duhu."

Unajua jinsi lile neno linavyotoka kwetu. Mtu anaweza kuwa ametoka kuzika asubuhi, ukikutana naye njiani ukamwuliza habari, anakujibu mhola duhu, njema tu, halafu ndiyo mnasogea kivulini anakueleza msiba. Baba yako aliulizwa na msichana wa watu, tena kwa heshima. Angewezaje kumjibu vibaya? Lakini mimi nilikuwa nauona uso wake. Nilikuwa nimelala karibu na uso ule miaka yote ya ndoa. Niliona mdomo wa chini ameuuma. Niliona bega la kushoto limepanda, kama lilivyokuwa linapanda shambani kabla hajakaa chini. Nilijua kabisa kwamba kinabana.

Na unajua nilihisi nini, Masanja? Nilimwonea fahari. Nilijisemea moyoni, kaza, baba Masanja, kaza kidogo tu, unakaribia kumaliza. Nilikuwa hatua chache kutoka kwa nesi. Ningeita tu, "Binti, huyo anaumia." Maneno matatu. Nilikaa kwenye benchi nimefumbata mikono, namwombea mume wangu amshinde mtu ambaye alikuwa anajaribu kumwokoa.

Baadaye daktari alituita. Alikuwa mama mdogo wa umri, mpole, na alijitahidi kusema polepole. Alisema, "Kwenye mistari hatujaona tatizo. Lakini moyo wake haukupanda mpaka pale tulipotaka ufike, kwa hiyo majibu haya siwezi kuyategemea. Ni kama hatujampima. Nataka arudi, na safari hii bila dawa kabisa, niwaambie aanze kuiacha lini." Akauliza tena, "Mzee, una uhakika dawa hukunywa?" Baba yako akasema ana uhakika. Daktari akamtazama kwa muda, akaandika.

Tukatoka nje. Mabula akapiga simu. "Vipi, shemeji?"

Nikasema, "Hawajaona tatizo!"

Yale mengine sikuyasema. Nilimeza nusu ya maneno ya daktari pale kwenye ngazi, na nilipoyameza nikayaamini yaliyobaki. Wewe tulikupigia shuleni kwa simu ya mwalimu wa zamu, nikakwambia baba amepimwa, moyo ni wa kijana. Ulipiga kelele ya furaha ninayoisikia mpaka leo. Nkoma tukachinja mbuzi. Baba yako alicheza. Alipoulizwa, aliwaambia watu, "Mashine imeshindwa yenyewe!"

Kurudi hakutaka. Nilimkumbusha mara moja, kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayetaka kukataliwa. Akasema, "Unataka wanikute na nini? Hawakuona kitu." Nikasema, "Kweli." Na kifua kikaendelea kubana, ila sasa hakuninong'oneza tena, maana angewezaje kuumwa na kitu ambacho mashine haikukiona? Nadhani hiyo ndiyo dhambi kubwa ya majibu mazuri ya uongo, yanamziba mgonjwa mdomo.

Alianguka msimu wa kuuza pamba, kwenye foleni ya mizani, akiwa amemtwika kijana wa jirani furushi na kuinama kuchukua lake. Haya unayajua. Usilolijua ni kwamba nilipofika, kabla hawajamfunika, niliona bega la kushoto limepanda vilevile.

Nilirudi Mwanza baada ya arobaini. Hukujua, nilisema nakwenda kwa dada. Nilimtafuta yule daktari, nikamwambia yote, uji, chai, kidonge, mimi na kichwa changu nilichokitikisa. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Nikamwuliza, "Tungefanya ulivyosema, angekuwa hai?"

Akasema, "Mama, sijui. Kipimo hiki hata kikifanywa vizuri kinaweza kukosea. Kinaweza kusema upo ugonjwa na haupo, kinaweza kuupita na upo. Labda tungeuona, labda tusingeuona. Lakini siku ile hakikupata nafasi hata ya kukosea."

Nimeishi na jibu hilo. Watu wananiambia ni mpango wa Mungu, nami naitikia amina, lakini usiku namkuta Mungu na mimi tumekaa kwenye benchi lile lile na hakuna anayesema kitu.

Sasa wewe.

Unakumbuka ile Jumapili, uwanja wa shule ya msingi, mlipocheza na vijana wa Somanda? Nilikuwa napita na kapu langu. Ulikimbilia mpira, ukapiga magoti, ukashika kifua, ukakaa hivyo mpaka refa akaja. Nilipofika umeshasimama. Nikakuuliza, "Vipi, baba?" Ukasema, "Vumbi tu, mama." Nikasema, "Vumbi la Bariadi halina adabu." Tukacheka, tukaenda nyumbani. Wewe ulijua si vumbi na mimi nilijua si vumbi. Na nilipika ugali usiku ule kama kawaida.

Daktari wa mgodi alikuuliza kama kwenu kuna aliyekufa ghafla. Umeniambia ulijibu, "Baba alikuwa na presha." Jibu zuri hilo. Lina ukweli wa kutosha usionekane mwongo. Nililitambua mara moja, ni la kwangu, limetoka tumboni mwangu pamoja na wewe.

Ninaandika haya na sijui nataka nini. Mzazi wa vitabuni angekuwa anajua. Ukienda ukiwa ulivyo, wakauona moyo ulivyo, huenda mgodi ukakukataa, na mdogo wako Minza anasubiri kidato cha tano, na mimi pensheni yangu unaijua, na paa la jikoni unaliona. Ukienda kama alivyokwenda baba yako, watakuchukua, na watakushusha chini ya ardhi kufanya kazi ya kutoa jasho, na siku moja nitapigiwa simu. Au sitapigiwa. Huenda huna kitu kabisa, huenda lilikuwa vumbi. Sijui! Na wewe hujui, na ukimeza kile kidonge hata wao hawatajua. Nakichukia kwa sababu hiyo kuliko ubaya wake mwingine wote. Tena ni dawa ya mtu mwingine, aliyepimiwa yeye, na moyo wako hakuna aliyewahi kuuandikia.

Nikuambie na hili, ili usidhani unaandikiwa na mtakatifu. Nilipovikuta vidonge, nilivishika kwa muda, nikamfikiria Minza, nikavirudisha kwenye soksi. Nikaisokota soksi kama ulivyoisokota. Nikaweka karanga juu, nikafunga zipu. Nilifika mpaka jikoni, nikawasha moto. Kwa muda ule wote, mpaka maji yalipochemka, nilikuwa nimekuachia uende ukafe kama baba yako, mradi upite. Mimi mama yako, niliyemzika yeye. Kisha niliyaacha maji yakichemka, nikarudi chumbani kwako, nikafungua zipu tena.

Nimevitoa. Sikuvitupa, maana kuvitupa ni kujidanganya, pale stendi kuna maduka ya dawa matatu na wewe una mdomo wa kuomba. Vimo ndani ya bahasha hii hii, pamoja na barua, nitakayoiweka juu ya begi lako uikute ukiamka, ili ukivishika uwe umeshasoma. Zaidi ya hapo sina nguvu juu yako. Umekuwa mrefu kuliko mlango.

Nisikilize kidogo tu, halafu nitanyamaza. Jumapili ile ya magoti, waambie, hata kabla hawajauliza. Waambie baba yako alianguka kwenye mizani, hakufa kwa presha tu. Nenda hivyo hivyo ulivyo, kifua kikavu, tumbo jepesi, chai uiache hata ukisinzia kwenye benchi. Ukiwa juu ya mkanda usining'inie kwenye vyuma, na usisimamishe kwa uvivu, kimbia mpaka wao waseme basi. Lakini kifua kikibana, au kichwa kikizunguka, sema papo hapo, kwa sauti, hata kama anayekuuliza ni msichana mzuri. Hutapoteza heshima. Na majibu wakikupa, sikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Mimi nilisikiliza mpaka katikati.

Na wakikukataa, rudi. Najua utarudi ukiwa umenuna, utalala mpaka saa sita, utaniangalia kama mimi ndiye niliyekufungia njia, na pengine ndivyo. Sina cha kukupa ukirudi. Siwezi kukuahidi kwamba tutapata njia nyingine, nimetafuta kichwani mwangu jioni nzima sijaiona. Nitakachokuwa nacho ni uji usio na karanga na jina la ugonjwa wako, kama upo, ambalo baba yako hakuwahi kupewa. Huenda ukaona ni kidogo. Ni kidogo kweli.

Nilikulea ujibu vizuri. Ulipokuwa na homa ya malaria, mgeni akiingia nilikuinua ukae umwamkie, na ulipomwambia sijambo huku meno yanagongana, nilikusifu mbele yake. Baba yako alikulea hivyo hivyo. Sijui tulidhani tunakukinga na nini. Mtu wa kwetu anaweza kufa akiwa mzima kabisa kwa maneno yake mwenyewe.

Kesho asubuhi utaniaga hapa mlangoni, au mimi nitakusindikiza wewe mpaka stendi, hatujaamua, nadhani ni mimi. Utaamka, utaoga, utakuja jikoni, utaniamkia kwa Kisukuma kama kila siku, "Mwangaluka, mayu. Mhola?" Na tangu ulipoanza kusema sijawahi kukujibu vingine. Hata asubuhi ya mazishi nilikujibu mhola duhu, ng'wanawane.

Kesho nitakujibu kwamba sijalala. Nitakwambia ninaogopa, kwamba ninaumwa na huzuni tangu Nkoma na sijawahi kuisema, kwamba sitaki uende na sitaki ubaki. Usishtuke na usinitanie. Nimeona hakuna haki nikikutuma ukaseme ukweli mbele ya wageni, juu ya mashine, wakati mama yako hajawahi kuusema mbele ya jiko lake.

Halafu nitakuuliza wewe hujambo. Nitasimama pale pale mpaka unijibu, hata kama basi linapiga honi.

Mama yako